Katika utani wa nyumbani, aliyetaniwa hujibu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama vichekesho vya televisheni vinaonyesha familia za leo jinsi zilivyo. Jibu langu ni kwamba familia hizo zimekwisha kuingia kwenye skrini, ila waliomo ndani yake hawajapewa haki sawa: baba, mama mkwe na mjomba wa kijijini hutoa mzaha, ilhali mama wa kambo, mama anayelea peke yake na dada wa kazi huupokea tu.

Kwetu sisi tuliokulia Ugogoni, huku Dodoma, utani una taratibu zake. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" na kumlalamikia kwamba hajaleta kitoweo, na mjukuu ana ruhusa kamili ya kumuuliza mke asiye na meno atakitafuna na nini. Hakuna anayekasirika, kwa kuwa kila mmoja anaweza kurudisha. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia mbele ya televisheni, na nakiona cha haki zaidi kuliko kuhesabu wazazi waliomo sebuleni.

Kwa kipimo hicho, Papa Shirandula, tamthilia ya vichekesho ya majirani zetu wa Kenya, ilifanya kazi nzuri. Mlinzi anayemficha mkewe kazi yake halisi na kujifanya mtu wa ofisini aligusa jambo ambalo kaya nyingi za mjini hulipitia kimyakimya, yaani baba ambaye heshima yake yote imefungwa kwenye kipato asicho nacho. Kinachochekwa pale ni uongo wa baba, na mke anabaki na ulimi wake. Hata mchekeshaji wetu Joti, wa kundi la Orijino Komedi, akijifunga kanga na kugeuka bibi kizee, hutupatia bibi mwenye maneno yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba watazamaji wetu hawako tayari kwa zaidi ya hapo. Lakini nchini Marekani, tamthilia ya vichekesho The Brady Bunch, iliyoanza mwaka 1969, ilimweka baba mjane mwenye wavulana watatu na mama mwenye wasichana watatu katika nyumba moja, lakini watazamaji hawakuelezwa kamwe mume wa kwanza wa mama huyo alipatwa na nini. Mwaka 1975 ikaanza One Day at a Time, ambamo mama aliyetalikiana na mumewe, pamoja na binti zake wawili, ndio waliokuwa wenye hadithi. Haikuchukua kizazi kizima. Nasi tulikuwa na pa kuanzia, kwani Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, iliweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kuwa mume na mke. Kaya za namna hiyo zimejaa mitaani, lakini kwenye vichekesho naziona zaidi pale mtu anapofumaniwa.

Madhara yake si ya kufikirika. Jioni moja kwa jirani yangu, hapa Ilazo, kilionyeshwa kichekesho ambamo mama wa kambo alificha nyama kabatini na kumpa mtoto wa mumewe mchuzi mtupu. Sebule nzima ilicheka. Mwenye nyumba, ambaye mwenyewe analea watoto wawili aliowakuta kwa mumewe, alicheka pia, kisha akaenda jikoni, na chakula kilipoandaliwa yule mtoto mkubwa aliwekewa paja la kuku ambalo hakuliomba. Mwanamke yule alikuwa akijitetea kwa kosa ambalo hakulifanya, tena mbele ya wageni.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi waandishi wanavyoipita familia ambayo Dodoma inaizalisha kwa wingi. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kikamilifu, watumishi wengi wanafanya kazi Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, huku wenzi wao wakibaki Dar es Salaam kwa ajili ya ajira, biashara au shule za watoto, na wengine wamegawana watoto wenyewe. Treni ya umeme, iliyoanza safari kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024, imemwezesha baba kutoka kazini Ijumaa na kulala nyumbani usiku huohuo. Lakini kufika si kuijua nyumba. Baba anayefika usiku wa Ijumaa huamka Jumamosi akitoa amri zilizopitwa na wakati, anamnunulia mwanawe viatu vya saizi ya muhula uliopita, na watoto, hata wakiwa wamekaa naye kochi moja, humwomba ruhusa dada wa kazi. Mzaha uko tele hapo bila kumdhalilisha mtu, kwa sababu kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na mwenye siri nyingi kuliko wote ni yule anayelipwa kidogo kuliko wote.

Dada wa kazi ninayemwona kwenye vichekesho vyetu huvunja sahani, husikiliza mlangoni na hutongozwa na mwenye nyumba. Sijamwona hata mmoja anayemwambia baba wa Ijumaa, kwa adabu zote na mbele ya watoto, kwamba uji anaousifia, mtoto alikwisha kuukataa tangu mwezi wa tatu.