Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Iliyomo Ndani ya Kibodi

Barua tulizochagua mwezi huu ni tatu, mbili za Pemba na moja ya Unguja, na zote zinauliza juu ya kompyuta iliyotiwa ndani ya kibodi. Tumezifupisha na kuacha majina ya walioandika.

SWALI: Assalaam alaykum, Ndugu Mhariri. Nina duka dogo la fotokopi na kuchapa barua hapa Wete. Shemeji yangu aliyerudi kutoka Uingereza amenijia na kitu ambacho ukikitazama ni kibodi tu, lakini upande wa kulia, pale penye vitufe vya tarakimu, pana skrini ya kugusa mithili ya simu, na anasema humo ndani mna kompyuta kamili. Imeandikwa Eee Keyboard, ya kampuni ya Asus. Inawaka, inapiga muziki, na yuko tayari kuniuzia kwa bei ya kishemeji. Kompyuta niliyonayo imekula meza nzima na feni yake inanguruma kama mashine ya kukobolea mpunga. Ninunue?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Kwa kazi ya duka lako, usiinunue. Shemeji yako hakudanganyi, kwani humo ndani mna kompyuta kweli, na ilipotoka wengi wetu tuliitamani. Lakini imezeeka kwa namna ambayo fundi hawezi kuitibu.

Asus waliionyesha kwa mara ya kwanza Januari 2009 katika maonesho ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas, Marekani, ikaingia madukani mwaka 2010. Wakati ule haunitoki kichwani kwa sababu Unguja ilikuwa gizani: umeme ulikatika Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010, na habari za vifaa vipya tulizisoma kwa simu tulizokwenda kuzichajia kwenye jenereta za watu. Skrini yake ya inchi 5 ndiyo iliyokuwa fahari yake. Waweza kuitumia badala ya mausi, waweza kufanyia kazi humo humo bila ya kuunganisha kitu kingine, na ukitaka picha kubwa unapeleka kwenye TV kwa waya wa HDMI, au hata bila ya waya, kwa kutumia kisanduku cha kupokelea kinachowekwa karibu na TV. Muulize shemeji yako kisanduku hicho kiko wapi. Kama hakukileta, sifa hiyo ya kutotumia waya usiilipie.

Ndani yake mna prosesa ya Intel Atom N270, memori ya gigabaiti 1 na hifadhi ya gigabaiti 16 au 32, na inaendeshwa na Windows XP. Hapo ndipo penye mgogoro. Microsoft waliacha kuirekebisha XP tarehe 8 Aprili 2014, maana yake ni kwamba karibu kila tundu la usalama lililogunduliwa baada ya hapo limeachwa wazi. Wewe ni mtu wa fotokopi, na kila mteja anayeingia dukani mwako ana flashi mkononi, ambayo jana ilikuwa kwenye kompyuta ya mwingine na kesho itakuwa kwenye ya mwingine tena. Huyu amekuja kuchapa wasifu wake wa kuombea kazi, yule kuskani kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na wa tatu ameleta hati ya shamba la mikarafuu la marehemu babu yake. Kuzipitisha karatasi za namna hiyo katika mashine isiyo na kinga ni kuwaweka wateja wako mahali ambapo wao wenyewe hawajui kwamba wamewekwa.

Hata ukiamua kutoiunganisha na intaneti, bado utakwama. Printa mpya haina programu ya kuitambulisha kwa XP, na ukijaribu kumfungulia mteja tovuti ya kuombea cheti au chuo, utakuta ukurasa haufunguki kwa sababu kivinjari ni cha zamani mno. Najua kuna msomaji atakayesema, "Si atie Linux, ule mfumo wa bure, badala ya Windows?" Nami nilifikiri hivyo hivyo. Lakini N270 ni prosesa ya biti 32, yaani ya aina ya zamani, na hata Debian, watoaji wa Linux ambao kwa miaka mingi walikuwa kimbilio la mashine kongwe, toleo lao la 13 lililotoka Agosti 2025 halina tena kisakinishi cha prosesa za aina hiyo. Matoleo ya zamani yapo, lakini utakuwa umetoka katika nyumba inayovuja na kuhamia katika nyingine iliyoanza kuvuja.

Lipo jingine, nalo halihusu umri. Katika duka la kuchapa, kitu kinachokufa mwanzo ni kibodi. Mwaka jana niliketi na fundi mmoja wa Mlandege alipofungua kibodi ya kawaida iliyotoka katika ofisi iliyo karibu na bahari. Aliipindua na kuigonga kwa kiganja, ikamwaga makombo ya mandazi, mchanga mwembamba na nywele. Kisha alipoinua karatasi ya plastiki iliyo chini ya vitufe, tukaona njia za umeme zimeota ukungu wa kijani mahali ambapo chai ilipita na hewa ya chumvi ikamalizia. Hakujisumbua kuitengeneza. Aliitupa kwenye ndoo na kuchukua nyingine juu ya rafu, kazi ikaendelea. Sasa fikiri kwamba kompyuta yako yote, pamoja na skrini na betri, imo ndani ya kitu ambacho fundi anakitupa kwenye ndoo. Herufi A ikigoma siku ya foleni, huna cha kubadilisha, na ile skrini ndogo ikipasuka, vipuri vya kifaa cha mwaka 2010 ambacho hakikuwahi kuenea utavitafuta Darajani mpaka uchoke.

Kama moyo wako umeshaipenda, mpe shemeji bei ya kibodi wala si bei ya kompyuta, uiweke nyumbani uifanye ya kuchezeshea muziki. Kwa dukani, kinachonguruma katika kompyuta yako ya sasa huenda ni feni iliyojaa vumbi. Mwambie fundi aisafishe na aitie grisi mpya ya prosesa kabla hujatumia fedha kubwa zaidi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli moja ya Mkoa wa Kusini Unguja. Kuna mfadhili aliye tayari kutununulia kompyuta, na ametutaka tuchague kati ya laptopu chache au Raspberry Pi 400 nyingi zaidi, ambazo nimeona kwenye picha kuwa ni kibodi nyeupe na nyekundu tu. TV tunazo, lakini umeme hukatika mara kwa mara. Je, zinafaa? Na je, tunaweza kuzifungia skrini ya kugusa?

JIBU: Mwalimu, hii ni habari nyingine kabisa, ingawa umbo ni lile lile. Umbo lenyewe ni la zamani. Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982, zilikuwa kibodi zenye kompyuta ndani, zikiunganishwa na TV ya nyumbani, na watoto wengi wa Uingereza walijifunza kuandika programu wakiwa wamekaa sakafuni mbele ya TV hizo. Raspberry Pi 400 ilitoka Novemba 2020 kwa bei ya dola 70, au dola 100 ikiwa na mausi, chaja, waya, kadi ya memori na kitabu cha kuanzia. Ina memori ya gigabaiti 4. Ndugu yake mkubwa, Pi 500 wa Desemba 2024, ana gigabaiti 8 na prosesa yenye kasi zaidi. Mfumo wake wa uendeshaji ni wa bure na unaendelea kurekebishwa, na programu za kuandikia barua, hesabu za majedwali na kujifunzia kuandika programu zinapatikana bila ya kulipia leseni. Kwa darasa, mimi ningezichagua.

Lakini mfadhili aambiwe mambo ambayo kwenye picha hayaonekani. Pi 400 haina tundu la spika wala la hedifoni. Sauti hupita katika HDMI, kwa hiyo TV itasema ilhali monita ya zamani isiyo na spika itabaki bubu. Matundu yake ya picha ni yale madogo ya micro HDMI, na wanafunzi wakiulazimisha waya kwa nguvu, tundu hulegea, na likishalegea utahitaji mtu mwenye mkono mwepesi wa kulehemu. Waya huo uchomekwe mara moja na mwalimu, ufungwe na mguu wa meza, usiguswe tena. Haina kitufe cha kuwashia kilicho peke yake: ukichomeka umeme inawaka, na ukitaka kuizima unabonyeza Fn pamoja na F10. Chaja yake, ikinunuliwa Uingereza, ina plagi ya pini tatu kama za kwetu, lakini kibodi ya Kiingereza cha Uingereza na ile ya Marekani zimepishana, alama ya @ na ya mtajo zimebadilishana mahali, na mwanafunzi akiandika anwani ya barua pepe kwa mpangilio usiolingana na maandishi ya vitufe anaweza kudhani mashine imeharibika. Agizeni zote za mpangilio mmoja.

Juu ya umeme, hapa nikushike mkono kidogo. Pi 400 haina betri. Umeme ukikatika inazima papo hapo, na ikiwa wakati huo ilikuwa inaandika kwenye kadi, kadi huweza kuharibika hata isiwake tena. Laptopu katika jambo hili inaishinda, sikufichi. Dawa yake ni ya kimaskini lakini inafanya kazi: kwa kila mashine tano tayarisheni kadi moja ya akiba iliyokwishanakiliwa mfumo wote, zitieni katika bahasha na kuzifungia kwenye kabati la mwalimu mkuu, na kazi za wanafunzi ziwekwe kwenye flashi kila mwisho wa kipindi. Kadi ikifa, unachomoa hiyo na kuchomeka nyingine, na somo linaendelea kabla kengele haijalia. Kwa upande mwingine, chaja yake ni ya volti 5 na ampea 3, yaani wati 15 ikifika kikomo, hivyo si kibodi itakayowamalizia betri ya sola bali TV. Tafuteni TV ndogo.

Nimeiona Pi 400 iliyofunguliwa. Chini ya vitufe mna bamba pana la chuma linalokaribia kuenea kibodi nzima, na kazi yake ni kutawanya joto, kwa hiyo hakuna feni, na pasipo na feni hakuna kinachovuta vumbi na hewa ya chumvi ndani. Kwa skuli iliyo kando ya pwani hilo ni jambo kubwa kuliko kasi ya prosesa. Mzitengenezee vifuniko vya kitambaa hata hivyo, maana popo wa darini hawachagui.

Skrini ya kugusa inawezekana, ila msinunue ile ya Raspberry Pi yenyewe inayotumia utepe wa DSI, kwa kuwa kibodi hizi hazina tundu la utepe huo. Nunueni skrini inayopokea picha kwa HDMI na kurudisha mguso kwa waya wa USB. Binafsi sioni faida yake kwa darasa. Mausi inatosha, na ikiharibika bei yake ni ya vocha kadhaa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni ustadh wa chuo cha Kurani hapa Chake Chake. Nimepewa kibodi-kompyuta ya Raspberry Pi na mzazi mmoja, lakini herufi zake ni za Kizungu tupu. Nataka kuandika mitihani ya watoto kwa Kiarabu, tena yenye irabu. Itawezekana?

JIBU: Itawezekana, Ustadh, na wala hutanunua kompyuta nyingine. Herufi zilizoandikwa juu ya kitufe ni rangi tu. Kinachoamua herufi gani itoke ni mfumo. Ingia katika mipangilio ya kibodi, ongeza Kiarabu, kisha weka njia ya kubadilisha lugha kwa vitufe viwili, ili uandike kichwa cha mtihani kwa Kiswahili na maswali kwa Kiarabu bila ya kusimama. Katika LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, fungua mipangilio ya lugha na uwashe sehemu ya maandishi changamani, ndipo kitufe cha kuanzia mstari upande wa kulia kitakapotokea.

Stika za herufi za Kiarabu zinauzwa. Pangusa vitufe kwa spiriti kwanza na uache vikauke, la sivyo jasho la vidole litazibandua katika wiki chache. Kasoro ni kwamba stika nyingi za bei rahisi hazionyeshi irabu. Kwa mpangilio wa kawaida wa Kiarabu, shikilia Shift ubonyeze kitufe cha Q upate fatha, E upate dhumma, A upate kasra na X upate sukuni. Tanwini ya fatha iko kwenye W na ya kasra iko kwenye S. Shadda iko kwenye kitufe kilicho chini ya Esc, pia kwa Shift. Yaandike hayo kwenye kadi, uibandike ukingoni mwa TV.