Ganda la Zamani Halitupwi: Kwa Mnaoanza Kuhamisha Rimoti Kwenda Ufunguo wa Kukunja

Juzi nimemkuta tena kijana ameshapasua ufunguo wa mteja mezani, ganda jipya la kukunja liko mkono wa kushoto, bisibisi mkono wa kulia, na nilipomuuliza gari lina chipu gani akanijibu, “Rimoti inafanya kazi, kaka.” Sikumuuliza rimoti. Nilimuuliza chipu. Nikamwambia aweke bisibisi chini, na usiku huohuo nikaanza kuandika haya, kwa sababu jibu lile nimelisikia kwa vijana wengi mno, tena vijana wenye mikono myepesi na akili nzuri.

Wadogo zangu, ufunguo wa rimoti una wapangaji watatu. Kuna chuma chenye meno, kinachozungumza na silinda za milango na swichi ya kuwashia gari. Kuna bodi ya rimoti, inayozungumza na kipokezi cha milango kwa masafa ya 315 au 433.92 MHz, kutegemea gari limetengenezwa kwa soko gani. Na kuna chipu, inayozungumza na imobilaiza peke yake, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu inayoitambua. Hawajuani hao watatu. Mmoja akibaki nyumba ya zamani, wawili waliohama hawatakuambia. Nikisema “hakikisha umehamisha kila kitu” ndicho ninachomaanisha, na yote yanayofuata yanatoka hapo.

1. Kabla ya kugusa bisibisi, uliza.

Gari ni la nani? Omba kadi ya gari na kitambulisho, hata kama mteja amevaa vizuri na ana haraka. Yuko na funguo ngapi? Kama anao huo mmoja tu, mshauri atengeneze wa pili kwanza, ndipo mguse wa kwanza. Kisha nenda naye hadi kwenye gari, mbonyeze kila kitufe mbele yake, awashe injini mbele yako. Kitufe cha buti kilichokufa zamani kitakuwa kosa lako mara tu utakapokuwa umefungua ganda.

2. Chipu hutoka kwanza na kuingia kwanza.

Hapa nitakaa kidogo. Mnivumilie.

Chipu ya kawaida haina betri. Kuna koili, yaani waya uliozungushwa kuizunguka silinda ya swichi, nayo hutoa mawimbi ya takriban 125 kHz. Chipu ikiwa karibu hupata umeme humohumo na kujibu. Umbali wake ni wa sentimita chache tu. Ndiyo maana milango kufunguka kwa rimoti hakuthibitishi lolote kuhusu injini. Ni redio nyingine na mazungumzo mengine kabisa. Unaweza kufunga na kufungua milango kutwa nzima, gari likakataa kuwaka.

Chipu zenyewe mnazijua. Kuna ile ya kabari nyeusi, kuna ya kidonge cha kioo, na kuna zile za familia ya PCF7941 na PCF7961 ambazo zimeunganishwa kwenye bodi ya rimoti. Hizi za mwisho ndizo zinazowaharibu vijana. Ukianza kazi na gari la aina hiyo, unahamisha bodi, gari linawaka, unaamini funguo zote duniani ziko hivyo. Siku unakutana na kabari iliyojificha kwenye mfuko wake chini ya bodi, huitafuti, maana hujawahi kuitafuta.

Ndivyo ilivyomkuta kijana niliyekuwa namfundisha. Kazi ilikuwa yake tangu mwanzo, na aliifanya vizuri kweli. Chuma kilichongwa safi. Springi ilivutwa barabara, ufunguo ukifunguka unalia tap, bila kulegea. Akabonyeza kitufe, taa za gari zikawaka mara mbili, milango ikafunga. Mteja akatabasamu. Kijana akapangusa meza kwa kiganja, chenga za chuma na ganda la zamani vikaingia kwenye ndoo ya taka pamoja. Mimi nilikuwa kwenye mashine nyingine. Nikamuuliza, “Umemaliza?” Akasema amemaliza. Nikasema, “Mpe.”

Mteja akaingia garini. Stata ikazungusha injini, injini haikushika. Akajaribu tena. Kwenye dashibodi ile taa ya ufunguo ilikuwa inapepesa, na hakuna aliyeitazama. Kijana alikimbilia betri ya rimoti, akabadilisha. Kisha akabonyeza kufunga na kufungua mara nyingi, kana kwamba gari halijasikia. Kisha akauliza kama mafuta yamo. Mteja alikuwa ameshatoa simu kumpigia fundi wake wa injini nilipofika dirishani na kuona taa inavyopepesa. Nikauliza swali moja tu: ganda la zamani liko wapi?

Tulimwaga ndoo yote juu ya gazeti. Ganda tukalipata, limejaa chenga. Hapo kazi ilikuwa bado haijaharibika. Lakini kijana alishaingiwa na hofu, na mkono wenye hofu hauna subira. Akachukua koleo, akalibana ganda upande wa mbele, palepale chuma kinapoingilia, ili lipasuke. Ukasikika mlio mdogo, mkavu. Alipolifungua, kabari ilikuwa vipande viwili.

Ulikuwa ufunguo pekee. Gari likalala palepale hadi imobilaiza iandikwe upya kama gari lililopotelewa na funguo zote, na gharama ile haikuwa ya mteja. Hakutupigia kelele. Alikuwa ameshika ule ufunguo mpya, anaukunja na kuukunjua, akasema, “Lakini nilikuja nao ukiwa mzima.” Kijana alishindwa kumjibu, na mimi pia. Yeye alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua, na lile “mpe” nilitoa bila kuuliza gari limewashwa au bado. Mwalimu akiruhusu ufunguo uondoke mezani, kazi hiyo ni ya mwalimu.

Kwa hiyo mkija kwangu mtaona tunavyofanya sasa. Kabla ya kitu kingine chochote, chipu inatafutwa. Ikionekana, inatolewa kwa kibano cha plastiki na kubandikwa kwa utepe juu ya karatasi ya kazi yenye namba ya gari. Haiwekwi mfukoni, wala kwenye kifuniko cha chupa, wala “hapa pembeni tu”. Ganda lililofungwa kwa gundi linachanwa kwa kisu kwenye mshono, kidogokidogo, kuanzia nyuma kwenye tundu la pete, kamwe si mbele, kwa sababu chipu nyingi hukaa mbele karibu na swichi. Hakuna koleo. Hakuna moto wa kulainisha plastiki. Na kama chipu imefinyangwa ndani ya kichwa cha plastiki, iache ilale humo. Nakili chipu mpya kwa mashine, kwa aina zinazokubali kunakiliwa, na ile ya asili ibaki nzima kama akiba.

Kwa Toyota zilizouzwa Marekani, tazama shingo ya chuma kabla hujakiondoa. Nukta, herufi G au herufi H iliyogongwa pale inakuambia chipu ni ipi: nukta ni aina ya 4D67, G ni aina ya G, H ni aina ya H. Chuma kipya hakina alama hiyo. Iandike.

Na ganda la zamani halitupwi mpaka gari liwake kwa ufunguo mpya. Nimeliandika ukutani, na bado kuna anayenyoosha mkono kwenye ndoo.

3. Chonga chuma kabla ya kukifunga kwenye ganda.

Sababu ya kwanza ni chenga. Zikiingia kwenye bawaba ya ufunguo, huo utakwama kabla mwezi haujaisha; zikiingia kwenye bodi ni balaa lingine. Sababu ya pili ni kwamba chuma cha kukunja mara nyingi hakina bega, ule ukingo karibu na kichwa unaozuia ufunguo kuingia zaidi, kama la ufunguo wa kawaida. Umezoea kupanga kwa bega, unaweka blanki, chuma ambacho hakijachongwa, kwenye mashine kwa mazoea, na meno yote yanasogea. Panga kwa ncha, au tumia kishikio chake maalumu.

Ukinakili ufunguo uliolika, unanakili na kulika kwake. Watu huja na ufunguo uliotumika miaka na miaka, meno yamekuwa mviringo, na wanataka chuma kipya “kama hiki”. Kama unaweza kupata kodi ya meno, yaani namba za kina cha kila jino, chonga kwa kodi hiyo. Kama huwezi, pima kina kwa kalipa na urudishe kila jino kwenye kina chake cha kiwandani.

Kisha kijaribu kabla hakijaingia popote. Kijana mmoja aliniambia kwa furaha kwamba chuma chake kimefungua mlango, kwa hiyo kimekubali. Nikamwambia ajaribu swichi. Kiligoma nusu njia. Katika magari mengi silinda ya mlango haisomi meno yote ambayo swichi inayasoma, hivyo mlango unaweza kusamehe jino ambalo swichi hailisamehi. Kwa hiyo mlango, buti, swichi, vyote. Na ukitaka kuona kama injini itashika kabla hujahamisha chipu, ingiza chuma kipya kwenye swichi na ushikilie ganda la zamani, chipu ikiwa bado ndani yake, kando ya silinda. Imobilaiza itaisoma chipu hapo hapo. Likiwaka, umejua chuma ni kizuri na chipu ni nzima, na hujavunja kitu bado. Jaribio hili halichukui dakika, na sielewi kwa nini nalazimika kulirudia kila mara.

4. Springi na pini.

Kaza springi kwa namna ambayo itasukuma chuma kifunguke, uishikilie, ndipo uingize chuma na pini inayokishika kwenye bawaba. Vaa miwani. Pini isukumwe kwa kifaa chake hadi ilale sawasawa na chuma, na isigongwe kwa nyundo wakati bodi na chipu vimo ndani.

5. Betri na vitufe.

Namba ya betri inajieleza: CR2032 ni milimita 20 upana na 3.2 unene, CR2016 ni upana uleule na unene wa 1.6, CR1616 ni 16 kwa 1.6. Ganda lililotengenezwa kwa 2032 ukiliwekea 2016, betri inacheza, na rimoti inafanya kazi ikishikwa hivi na kukataa ikishikwa vile. Usijaze nafasi kwa karatasi ya fedha ya sigara. Agiza ganda linalolingana na bodi na betri yake.

Mpira wa vitufe nao utazameni. Kwenye maganda ya bei rahisi unaweza kuwa mnene kupita kiasi, na ukifunga skrubu za mwisho unabaki umekandamiza kitufe. Betri mpya inaisha haraka na mteja anarudi amekasirika, kwa haki. Funga ganda bila skrubu, bonyeza kila kitufe, sikiliza mguso wake, ndipo ukaze.

6. Nafasi kwenye swichi.

Kichwa cha ufunguo wa kukunja ni kinene. Magari mengine yana plastiki iliyozunguka swichi kwa karibu, kichwa kinagota pale kabla chuma hakijafika mwisho. Pima kabla ya kuagiza ganda, maana hakuna tupa itakayoliokoa bila kuliharibu sura.

Halafu tazama mfuko wa chipu kwenye ganda jipya uko wapi. Ukiwa mbali na bawaba, chipu inakuwa mbali na koili, na gari litawaka leo na kukataa kesho asubuhi. Kuna gari lililotuzungusha hivyo: linawaka kila tukilijaribu, linakataa kila mteja akiwa peke yake. Chipu ilikuwa inacheza ndani ya mfuko. Sisi tulikuwa tunashika ufunguo kichwa juu, yeye alikuwa anauingiza kwa upande wa pili, na chipu ikiteleza nyuma kidogo tu koili haiifikii. Kipande kidogo cha sponji kilimaliza kazi. Msimwage gundi ya papo kwa papo juu ya chipu. Siku moja kuna fundi atahitaji kuitoa, na huenda ni wewe.

7. Kukabidhi.

Mteja mwenyewe aingie, awashe kwa ufunguo mpya ulioshafungwa skrubu zote. Azime, achomoe ufunguo, afunge milango, asubiri hadi taa ya usalama ianze kupepesa, ndipo afungue na kuwasha tena. Kuwasha mara ya pili baada ya imobilaiza kujifunga upya ndiko ninakokuamini. Mwonyeshe kwamba ufunguo hukunjwa huku kitufe cha kukunjia kimebonyezwa, hausukumwi kwa nguvu. Pini nyingi zinazovunjika huvunjwa hapo.

Kisha mkabidhi ganda lake la zamani pamoja na chuma chake cha zamani, ndani ya bahasha yenye namba ya gari. Chuma kile bado kinafungua mlango wake, kwa hiyo ni mali yake, si takataka ya kwenye meza yako.