Kwa mnaoanza kusimulia mieleka: ikija mechi ya marafiki waliogeukana, usisimulie ngumi tu

Naona vijana wengi mnaingia kwenye hii kazi ya kusimulia mieleka kwa Kiswahili, wengine vibanda umiza, wengine mnarekodi vipande mnarusha kwenye simu, na kiukweli sauti mnazo, kasi mnayo, mdomo ndo usiseme. Ila kuna sehemu moja wengi mnakwama. Ikija mechi ya watu waliokuwa timu moja, mnaisimulia kama mechi nyingine yoyote, ngumi hiyo, teke hilo, kalala, moja mbiliii kaamka, basi. Watu wanaangalia, wanapiga kelele kidogo, ila hawaumii. Na hizo ndo mechi ambazo mteja anatakiwa atoke kibandani anabishana na mwenzake mpaka wanafika mlangoni kwao.

Mfano wangu mkubwa siku zote ni Johnny Gargano na Tommaso Ciampa kule NXT, shoo ya WWE ya wanaochipukia, manake ile hadithi ilijengwa polepole sana na ukiifuata yote utajifunza kazi nzima. Hawa jamaa walianza kupigana pamoja NXT mwaka 2015 kwenye mashindano ya timu za watu wawili yenye jina la Dusty Rhodes, hakuna aliyewapa nafasi. 2016 wakakutanishwa wao kwa wao kwenye mashindano ya uzito mwepesi, Gargano akashinda, wakaishia kukumbatiana. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Toronto, wakaivua timu ya The Revival mikanda ya ubingwa wa timu kwenye mechi ya atakayetangulia kushinda mara mbili. Sasa angalia mwisho wa ile mechi. Revival wote wawili wamebanwa kwa wakati mmoja, mmoja anaumia huku mwingine kule, wanashikana mikono ili asiwepo wa kugonga mkeka kukubali kushindwa, wanang'ang'ania weee mpaka wanaachia na kugonga wote pamoja. Hapo ulingoni kuna timu mbili zinazopendana, na Gargano na Ciampa wanalia na mikanda yao.

Msimuliaji mgeni anairuka Toronto. Anasema haina fujo, anakimbilia usaliti moja kwa moja. Afu anashangaa mbona watu hawashtuki, watashtukaje na hawajawahi kuwaona wakicheka pamoja? Usaliti wa mtu usiyemjua si usaliti, ni jamaa kampiga jamaa.

Kwa hiyo kabla hujaweka mechi yenyewe, ongea kuhusu urafiki, na uongelee vitu vidogo vya kuonekana. Usiseme tu "walikuwa marafiki sana", hiyo haimgusi mtu. Sema Chicago, tarehe 20 Mei 2017, mechi ya ngazi, wapinzani Authors of Pain ambao ni majitu kwelikweli, Gargano kamsukuma Ciampa pembeni akapigwa ngazi yeye badala yake. Mteja akishalishika hilo, mechi inaisha, wamepoteza, wamesimama wawili juu ya njia ya kutokea, watu wanawapigia makofi, kwenye skrini yale maandishi madogo ya haki miliki yameshatokea kuonyesha shoo imeisha, na watu waliokuwa wanaangalia nyumbani wameshaanza kunyanyuka. Ndo hapo Ciampa anamdaka mwenzie na kumbamiza kwenye ukuta wa skrini za steji.

Hapa usiongee, nyamaza kabisa. Najua mkono unawasha na maiki iko mdomoni, ila wale watu wa Chicago walivyopiga kelele ya kutoamini, hakuna neno lako litaizidi ile sauti. Punguza sauti yako, acha ya ukumbini ipande, hesabu taratibu moyoni, afu ukirudi uliza swali moja tu kwa sauti ya chini, "Ciampa, huyu si ndo aliyepigwa ngazi yako?" Hiyo inatosha. Wengi mnaogopa kimya mnadhani mteja atasema hujui kazi, wakati mteja mwenyewe muda huo hakumbuki kama upo.

Jambo la pili, na hili ndo naona linawatenganisha wasimuliaji na wapiga kelele, ni kufuatilia deni. Watu wakigeukana kila mmoja anabaki na daftari lake kichwani, nani alimfanyia nani nini, na mechi zao zote ni kulipana. Kazi yako ni kulisoma lile daftari kwa sauti. Angalia gongo la kutembelea na goti. Ciampa aliumia goti kweli kipindi kilekile cha 2017, akafanyiwa upasuaji na kukaa nje miezi mingi, kwa hiyo ugomvi ukabaki hewani. Januari 2018 Philadelphia, Gargano kapoteza mechi ya mkanda dhidi ya Andrade Almas, anatoka taratibu na mkewe Candice LeRae, watu wanampigia makofi, mara Ciampa huyo, anamtwanga kwa nyuma na gongo. Lile gongo ambalo mgonjwa anatembelea ndo limekuwa silaha. Kuanzia hapo gongo likionekana tu kwenye skrini, we mkumbushe mteja limetoka wapi.

Ukifanya hivyo, New Orleans ya tarehe 7 Aprili 2018 itajisimulia yenyewe. Ciampa anaingia bila muziki, ukumbi mzima unamzomea, na hapo tena nakuomba usiweke muziki wako wa chini kama wengine mnavyopenda, ile zomeazomea ndo muziki wake. Gargano akipoteza hana kazi NXT. Wanapigana kinyama, na karibu na mwisho kabisa Gargano ana kipande cha gongo mkononi, Ciampa yuko chini hana ujanja, na jamaa anashindwa kupiga. Anakaa chini pembeni yake. Wamekaa wawili ulingoni kama watu wanaosubiri daladala. Ukisimulia hapo "anasitasita anasitasita piga we" umeua kila kitu, sema tu anakumbuka nini, Toronto, mikanda, kukumbatiana. Mara Ciampa anachomoa bresi, kile kifaa cha kushikilia goti lake, amgonge nayo, anakosa, Gargano anaidaka, anamkaba nayo mpaka jamaa anagonga mkeka. Vifaa vya ugonjwa vyote viwili, gongo na bresi, vimemrudia mwenyewe. Mtu aliyefuatilia tangu Philadelphia hapo anaruka juu ya benchi.

Kuna swali utaulizwa tu, tena na mtu mzima aliyekaa nyuma, "si wanaigiza hawa?" Usibishane naye na usimdharau. Kila mtu anajua mshindi anapangwa. Ila mwambie na goti la Ciampa liliumia kwa maigizo? Mieleka mizuri inachukua kitu cha kweli inakisukia hadithi, na mteja akijua kipi ni cha kweli anazidi kuiamini ile ya kusukwa. Mzee wa nyuma mara nyingi ndo anakuwa wa kwanza kupiga kelele refa akipitiwa.

Sasa tuje kwa mbaya. Vijana mnapenda sana kumfanya msaliti ni shetani toka dakika ya kwanza, na ugomvi unakuwa mwepesi. Msaliti mzuri ana hoja, na kuna wakati ana hoja kuliko yule mwema. Mfano mtamu kuliko wote hapa ni wa zamani, Randy Savage na Hulk Hogan. Savage alichukua ubingwa WrestleMania ya nne, ile shoo kubwa ya kila mwaka, mwezi Machi 1988, na Hogan alimsaidia. Wakawa timu moja, katikati yao kuna Miss Elizabeth, meneja wa Savage na kwenye maisha ya kweli mkewe. Tarehe 3 Februari 1989 wanapigana na Akeem na Big Boss Man, Akeem anamrusha Savage nje ya ulingo anaenda kumwangukia Elizabeth, mama wa watu kazimia. Hogan anambeba mikononi anakimbia naye nyuma kwa madaktari. Na Savage? Kaachwa ulingoni peke yake na wale miamba wawili, anapigwa, mwenzie yuko nyuma anambembeleza mke wa mtu. Hogan anaporudi Savage anamzaba kofi na kuondoka zake, afu baadaye anampiga na mkanda kulekule chumba cha matibabu.

Simulia hivi uone kibanda kinavyogawanyika. Nusu wanasema Hogan kaokoa mgonjwa kuna ubaya gani, nusu wanasema hapana, mke wa mwenzio unambeba hivyo na unakaa huko muda wote huo? Waache wabishane, tena wachochee kidogo. Mi binafsi niko upande wa Savage na nitafia hapo. Walipokutana WrestleMania ya tano, Aprili 2, 1989, Atlantic City, Elizabeth kasimama kona ya katikati hayuko upande wa yeyote, na Hogan akashinda. Msimuliaji anayempenda Hogan tu anamaliza hapo kwa shangwe, ila mwenye akili anamwonyesha mteja Savage alivyopoteza mkanda na rafiki kwa pamoja.

Kwenye kusema upande wa mbaya kuna somo lingine kutoka kwa marehemu Bobby Heenan, mtangazaji wa enzi hizo. Januari 1992 ilirushwa ile ya Shawn Michaels na Marty Jannetty, waliokuwa timu ya The Rockers, kwenye seti ya duka la kinyozi la Brutus Beefcake. Jannetty anamgeuzia mgongo makusudi, yaani unataka kunipiga nipige, Michaels hapigi, wanakumbatiana, watu wanashangilia wamepatana. Ghafla teke la kidevu, afu anamchukua kichwa anampitisha kwenye dirisha la kioo, damu. Na Heenan mezani kwake anadai eti Jannetty karuka mwenyewe dirishani anajaribu kukimbia! Watu walicheka na kukasirika kwa pamoja. Sasa hiyo jaribu siku moja, mtetee msaliti kwa hoja ya kijinga kabisa ukiwa umekaza uso. Kibanda kitakutukana, na ndo unachotaka. Ila usifanye kwa kila msaliti, na usiifanye kwenye ile pete nitakayoitaja sasa hivi.

Manake kuna vitu havina utani. Chicago tena, Juni 2018, Ciampa anamvua Gargano pete ya ndoa, anaitemea mate, anaitupa. Wamama waliokuja na watoto wao wakaondoka na stori hiyo nyumbani. Pale usilete mzaha wowote, sema alichokifanya kwa maneno ya kawaida tu. Kuanzia hapo Gargano anakuwa na hasira isiyoona, na ndo inammaliza, kwa sababu anaacha ushindi uliokuwa mkononi ili aendelee kupiga, Ciampa akiwa kafungwa pingu mikono nyuma anamshindilia kichwa kwenye mbao za ulingo zilizokuwa wazi. Miezi miwili baadaye Brooklyn, mechi ya wa mwisho kusimama, na sasa Ciampa ndo ana mkanda, ni kosa lilelile. Gargano kashamfunga pingu kwenye vyuma vya steji, jamaa kashakwisha, ila anataka pigo moja zaidi, anakimbia na goti lake, anaruka, anaanguka nje ya steji anaumia. Ciampa anateleza chini kwa bahati tu anajikuta kasimama kwa miguu, hesabu inafika kumi. Kwangu mi Brooklyn ndo bora kuliko zote, wengi watakwambia New Orleans.

Ile mechi ya Gargano na Ciampa ya Aprili 2020 iliyorekodiwa ukumbi mtupu kipindi cha korona, we ipitishe kwa haraka. Ni ndefu, kimya kimejaa, na hadithi ilishaisha zamani, tena Aprili 2019 Gargano alipochukua ubingwa New York, Ciampa aliyekuwa ameumia shingo alitoka kumkumbatia. Mteja akiona hilo kumbatio kashapata chake.

Mambo madogo ya kazi. Majina ya mapigo usiyatafsiri kwa nguvu, DDT iache DDT, supakiki watoto wote wanaijua, kinachotakiwa ni kusema pigo limempata wapi. Mechi iangalie kabla ya siku yenyewe na uandike kwenye karatasi nani anamdai nani na nini, usiandike mapigo, hayo utayaona. Usimwage matokeo, hata mteja akikuhonga soda. Na jamaa wakirudiana, kwa sababu wanarudiana kweli, Gargano na Ciampa walirudi kuwa timu 2023 na Julai 2024 wakabeba mikanda ya timu kwenye shoo ya SmackDown, kuna mtu atasimama aulize, "si huyu ndo aliyeitemea pete?" Mwambie ndo yeye, uendelee na mechi.

Vipande vyako vipange kuanzia Toronto. Ni mechi ndefu na kuna wa kulalamika kwamba hakuna damu wala viti, we usiikate, iweke yote mpaka pale wanaposhikana mikono.