Kabla ya Kumdhoofisha Mwanasihiri: Ushauri kwa Wasimamizi Wapya wa Michezo ya Njozi

Swali ambalo wasimamizi wapya wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika, msimamizi huendesha hadithi na maadui, na madado huamua matokeo, huniuliza mara nyingi kuliko yote ni namna ya kumpunguza nguvu mwanasihiri, kwa sababu anamaliza kila pambano kabla mpiganaji hajachomoa upanga. Nami huwauliza: tangu wahusika wenu walale mara ya mwisho, wamepigana mara ngapi? Wengi hujibu kwamba ni mara moja tu, na hapo ndipo penye tatizo. Uwiano wa nguvu kati ya fani, yaani aina za wahusika kama mwanasihiri na mpiganaji, hautokani na fani zenyewe peke yake. Unategemea pia urefu wa siku ya safari, na siku hiyo anayeipanga ni msimamizi.

Chukueni toleo la tano lililotoka mwaka 2014. Mwongozo wa msimamizi wa toleo hilo unakadiria kwamba kundi linaweza kumudu mapambano sita hadi manane ya ugumu wa kati au mkubwa kwa siku moja, huku likipata mapumziko mafupi mawili hivi katikati. Mapumziko mafupi ni ya saa moja, marefu ni ya saa nane, na hakuna mhusika anayefaidika na mapumziko marefu zaidi ya mara moja ndani ya saa 24. Sasa tazameni kila fani inategemea nini. Mpiganaji wa ngazi ya tano (ngazi hupanda kadiri mhusika anavyopata uzoefu) hupiga mara mbili katika kila zamu bila gharama yoyote, na uwezo wake wa kujiongezea tendo moja la ziada hurudi baada ya mapumziko mafupi. Mwanasihiri wa ngazi hiyohiyo ana nafasi tisa za sihiri, ambazo hutumika moja moja kila anaporusha sihiri: nne za daraja la kwanza, tatu za la pili na mbili za la tatu, ambazo karibu zote hurudi kwa mapumziko marefu tu. Mhusika wa fani nyingine, yule aliyepata sihiri zake kwa agano na nguvu za nje ana nafasi mbili pekee, lakini humrudia kila baada ya mapumziko mafupi, hivyo katika meza isiyopumzika katikati ya siku huyo ndiye anayepunjika kuliko wote, ingawa ni nadra kusikia mtu akimtetea.

Tuseme vibwengo sita na zimwi mmoja wanalinda daraja, na zimwi amesimama mbali kidogo na wenzake. Mwanasihiri anarusha mpira wa moto, sihiri inayotumia nafasi ya daraja la tatu: madado manane ya pande sita, wastani wa 28, ndani ya duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni futi 20. Kibwengo wa kawaida ana pointi 7 za uhai, kwa hiyo hata akifaulu kujinusuru na kupata nusu ya madhara, nusu hiyo kwa wastani ni 14 na inatosha kumwangusha. Meza nzima inashangilia, na mchezaji anaweza kusema ametoa madhara 168. Lakini uhai uliopotea hasa ni 42, kwa kuwa maiti hafi mara mbili. Wakati huohuo mpiganaji mwenye upanga mkubwa na nyongeza ya 4 kwa nguvu za mwili anatoa wastani wa 11 kwa kila pigo linalopata. Kinga ya zimwi, yaani namba ambayo dado la pande 20 pamoja na nyongeza ya mshambuliaji lazima vifikie ili pigo limpate, ni 11, na nyongeza ya mpiganaji kwenye shambulio ni 7, kwa hiyo hukosa pale tu dado likionyesha 3 au chini yake. Akitumia tendo lake la ziada atapiga mara nne katika raundi ya kwanza na mara mbili katika ya pili, na kwa hesabu ya wastani zimwi mwenye pointi 59 atakuwa amebakiza pointi chache tu. Ukilinganisha uhai uliopotea, mpiganaji hakuzidiwa hata kidogo. Kazi yake ilikwenda polepole, na ya mwenzake ilionekana kwa mkupuo.

Tofauti inakuja baadaye. Kundi likilala baada ya daraja, mwanasihiri hakupoteza chochote, na kesho atarusha tena. Kama ng'ambo ya daraja kuna mapambano mengine matano, amebakiwa na mpira wa moto mmoja, pengine miwili akirudisha nafasi moja kwenye mapumziko mafupi, na kila adui anamlazimisha kufikiri kama inafaa kutumia au kuweka akiba. Kufikiri huko ndiyo raha ya fani yake, na siku fupi humnyima raha hiyo yeye mwenyewe pia.

Msipime fani kwa madhara peke yake. Sihiri zinazositisha maadui kadhaa kwa raundi nzima zinaweza kuamua pambano bila kutoa hata pointi moja ya uhai. Kinachozizuia ni umakini: mwanasihiri hawezi kushikilia zaidi ya sihiri moja ya aina hiyo kwa wakati mmoja, na kila akijeruhiwa hutupa dado kuona kama ataendelea kuishikilia, akilenga 10 au nusu ya madhara aliyopata, ipi iliyo kubwa. Kwa hiyo wekeni wapiga mishale wawili nyuma ya mstari wa adui. Msiwaelekeze kwake kila raundi kana kwamba mnamwadhibu. Inatosha awajue wapo, kwa sababu hapo mpiganaji anayeweza kuwafikia anakuwa mtu wa lazima.

Wapo watakaowaambia dawa ni kuzifanya fani zote zilingane. Mchezo huu umepita njia kadhaa tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974. Matoleo ya mwanzo yalimfanya mwanasihiri awe dhaifu mno akianza, kisha awe tishio akifika ngazi za juu, yaani uwiano ulitafutwa katika maisha yote ya mhusika. Toleo la nne la mwaka 2008 lilizipa fani muundo mmoja wa uwezo: wa wakati wowote, wa kila pambano na wa kila siku. Mizani ilikaa vizuri, lakini wachezaji wengi walilalamika kwamba fani zimefanana. Nauheshimu uangalifu wa toleo lile, ila malalamiko hayo nayaona ya haki. Anayechagua mpiganaji na anayechagua mwanasihiri wanataka kushika vitu tofauti mikononi.

Kwa vitendo, anzeni na saa. Toeni sababu ya kutolala: mateka anayesafirishwa alfajiri, au mto unaofurika. Waleteni maadui kwa mawimbi badala ya kuwakusanya mahali pamoja panapotosha duara la moto. Kama hadithi yenu kwa asili yake haina zaidi ya pambano moja kwa siku, kwa mfano safari ndefu ya nyikani, mwongozo huohuo una kanuni ya hiari inayoyafanya mapumziko mafupi kuwa ya saa nane na marefu kuwa ya siku saba. Itumieni, na mapambano ya wiki nzima yatahesabika kama ya siku moja.

Baada ya vikao kadhaa vya namna hiyo, mchezaji wa mpiganaji akiendelea kujiona mtazamaji, mpeni kabla ya kumnyang'anya mwenzake: silaha ya sihiri inayomwezesha kumfikia adui arukaye, au adui ambaye moto haumdhuru. Mkilazimika kubadili kanuni, badilini moja tu, waambieni wote kabla ya kikao kuanza, na mruhusuni aliyeguswa kuchagua upya sihiri zake bila gharama.