Maua ya Kitulo kwenye soksi za matundu

Dada, umeuliza utafumaje maua ya Kitulo, ile hifadhi ya maua kule kwetu Makete, kwenye soksi zenye matundu ya urembo bila mishono kuongezeka. Kila ukizungusha uzi kwenye sindano kupata tundu, umeongeza mshono mmoja. Palepale fuma miwili pamoja, hesabu irudi. Kwa mishono 64, ua la mishono 8 linaingia mara 4 juu ya mguu. Ile 32 iliyobaki, ya unyayo, fuma bila tundu hata moja, maana matundu ya chini huchanika upesi, na baridi ya Makete unaijua! Ua mimi nalianza na tundu moja, mzunguko mmoja wa kawaida, kisha mawili yaliyoachana, kama petali zinavyofunguka Januari. Chagua uzi wa rangi moja; wa rangirangi utayameza maua yote.