Kondoo chotara wa Dorper wananenepa vizuri ila masika wanakufa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mfugaji kijana huku Longido, mzee wetu anafuga kondoo wekundu wa Kimasai toka zamani, sasa nikaona wenzangu upande wa Kenya wana Dorper wakubwa wanalipa mnadani, nami nikanunua dume nikamwingiza kundini. Chotara wanakua haraka kweli, wenye bucha wanawagombania, ila masika haya wanakonda, wanavimba chini ya taya alafu wanakufa, na wale wa mzee wapo tu wanakula majani. Dawa ya minyoo nawapa wote kila mwezi. Nimuuze dume? Na je, nyama inakuwaje ngumu saa zingine?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na hasara. Huo uvimbe ni maji, yanajaa pale kwa sababu damu imepungua mno. Mnyoo anayeleta hali hiyo anakaa tumbo la nne la kondoo ananyonya damu, na jike lake linataga maelfu ya mayai kwa siku, sasa joto na unyevu vikikutana malisho yote yanajaa mabuu ya minyoo.

Wale wa mzee kupona sio bahati, ni vinasaba. Miaka ya 90 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga wekundu na Dorper pamoja kule Diani, pwani ya Kenya, na wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao haikushuka sana na watoto wao walikufa wachache. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya nchi kavu, kwenye unyevu anateseka. Kinachoniuma ni kwamba Kenya, kuanzia katikati ya miaka ya 70, madume ya Dorper yaligawiwa kwa bei nafuu, kila mtu akapandisha na kupandisha mpaka leo mwekundu halisi ni wa kutafutwa. Longido msifike huko jamani!

Dume usimuuze, ila mtenge. Majike bora ya mzee yapandwe na dume mwekundu halisi tu, mengine ndo mpe Dorper, na chotara wote waende mnadani, hata majike, usibakize hata mmoja wa kuzalisha.

Dawa ya kila mwezi kwa wote acha, unawafundisha minyoo kuizoea. Vuta kope la chini la kila kondoo uangalie ndani: likiwa jekundu mwache, likiwa limepauka au jeupe huyo ndo mpe dawa, na upime uzito maana dozi ndogo ni hasara tupu. Alafu wenye mimba kubwa, wanaonyonyesha na watoto walioachishwa kinga yao iko chini, waongezee mashudu ya alizeti jioni wakirudi bomani, protini inawasaidia kupambana na minyoo hata kwa chotara.

Nyama kuwa ngumu mara nyingi haisababishwi na chakula. Kondoo akitembezwa mbali, akachapwa na kuchinjwa muda huohuo, sukari ya kwenye misuli inakuwa imeisha, nyama inatoka nyeusi na ngumu na inaharibika upesi. Wafikishe jana yake, wapate maji na kivuli, wachinjwe kesho yake wakiwa wametulia.