Injini ya boti farasi 15 inazima ukivuta mafuta: anza na pampu kabla ya kabureta

Mkuu, kwa ulivyoeleza (tu-stroki, yaani ya petroli iliyochanganywa na oili, ya silinda mbili; silensa, yaani mwendo wa chini kabisa wa injini, inakaa vizuri; ukivuta mafuta kuongeza kasi inakohoa na kuzima), aliyekwambia ununue kabureta mpya amekimbilia mbali. Injini ikitaka kuzima, minya ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa tanki. Injini ikipata nguvu tena kila ukiminya, mafuta hayapandi ya kutosha. Ukiikuta pampu hiyo imenywea, usifungue chochote kwanza: tundu la hewa la kifuniko cha tanki limefungwa, au chujio la ndani ya tanki limeziba.

Haijanywea? Kagua maungio ya mpira kama yanavuta hewa, kisha shusha pampu ya injini. Ndani mna daiaframu nyembamba (utando wa mpira) inayochezeshwa na pumzi ya krankikesi (chemba iliyo chini ya pistoni), na vilango (valvu) vya kuingiza na kutoa mafuta. Kwaruza mstari unaokatiza vipande vyote kabla ya kufungua, maana kipande kimoja kikigeuzwa pampu haivuti. Ishike daiaframu kwenye mwanga. Ikitoboka, petroli hupenya kupitia tundu la pumzi hadi krankikesi, ndiyo maana plagi ya silinda moja hutoka nyeusi na mbichi huku mwenzake ikiwa kavu. Watu hubadilisha plagi weee, kumbe shida ni mpira tu.

Vilango vilale bapa kabisa. Kilichokunjika hakinyooshwi, kinabadilishwa. Weka daiaframu na gasketi mpya, bila silikoni, kwani mabaki yake hukatika na kwenda kuziba jeti, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta. Kaza skrubu kimsalaba, kidogo kidogo. Kabla ya kuirudisha, puliza kwa kipande cha mpira safi upande wa kuingilia: hewa ipite. Ukifyonza, igome.

Sasa kabureta. Fungua skrubu ya chini ya bakuli, umwage kwenye kikopo cheupe. Matone yanayobiringika chini ni maji. Jeti kubwa isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usitumie waya wa chuma, unapanua tundu. Usiidharau jeti hiyo: ikiziba nusu, injini inapata petroli pungufu na oili pungufu pia, inachemka, pistoni inakwama.

Skrubu ya silensa ikaze polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Ukiibana kwa nguvu ncha inaharibika na silensa haitatulia tena. Tikisa floti (boya la ndani ya bakuli), ikilia maji maji ndani, imepasuka. Sindano inayofunga mafuta kuingia bakulini, ikiwa na pete iliyolika kwenye ncha, ndiyo inayofurisha kabureta. Mipira usiiloweke kwenye tina, inavimba.

Ukishafunga, minya pampu ya mkono hadi iwe ngumu, subiri dakika 5 uangalie uvujaji. Ikilegea yenyewe na kabureta ikidondosha, rudi kwenye sindano. Usijaribu injini nchi kavu, impela (feni ya mpira inayovuta maji ya kupoza) itaungua. Mguu wa injini uwe majini.

Mafuta ya zamani mwaga. Kwa 1:50 (oili moja kwa petroli hamsini), tanki la lita 24 linataka oili mililita 480, ipimwe kwa chupa yenye alama, si kwa macho.